Barua ya wazi: Nani amesema Shing'weng'we harudi?

Kwa Wahusika,
Ofisi inayosimamia utamaduni na kupitisha kazi za ubunifu za vijana.

YAH: KUKATALIWA KWA HADITHI YA GEMU YA WANAFUNZI WA GEITA

Ndugu Wahusika,

Kwa heshima zote, barua hii inahusu swali ambalo huenda baadhi yenu mkaliona dogo: je, adui aliyekwisha kushindwa katika hadithi anaweza kurudi, na msomaji mwenye akili zake akakubali? Ofisi yenu imelijibu kwa sentensi moja, na kwa sentensi hiyo ikakataa kazi ya watoto. Mimi ni mlezi wa klabu ya kompyuta katika shule ya sekondari hapa Geita mjini. Nilianza na barua za kawaida zenye muhuri wa shule, nazo hazikujibiwa, ndiyo maana hii naiweka hadharani. Simtaji mtu na sina ugomvi na mtu. Nazungumza na ofisi, kwa kuwa ofisi ndiyo yenye wajibu na ndiyo inayoweza kurekebisha.

Kilichotokea ni hiki. Wanafunzi walibuni gemu kutokana na simulizi ya Kisukuma ya Masala Kulangwa na zimwi Shing'weng'we. Katika gemu yao Shing'weng'we anarudi, na safari hii anashuka kutoka angani. Mswada uliletwa kwenu kwa ajili ya shindano la kazi za ubunifu. Ukarudishwa na maelezo kwamba, kwa mujibu wa simulizi, zimwi hilo lilishakufa, haliwezi kurudi, na kulirudisha ni kupotosha utamaduni na kuiga gemu za kigeni. Haikutajwa simulizi hiyo ilisomwa wapi, haikutajwa ilisikika kwa mzee gani, wala haikutajwa ni nani aliyeupitia mswada.

Kwa msomaji ambaye hakukulia huku, simulizi yenyewe kwa ufupi ni hii. Shing'weng'we alimeza watu wote na mifugo yote duniani. Akasalia mwanamke mmoja mjamzito, aliyejificha kwenye lundo la makapi ya nafaka. Akajifungua mtoto wa kiume, ndiye Masala Kulangwa. Mtoto alipopata akili akamuuliza mamaye kwa nini wako wawili tu, na wenzao wako wapi. Akaelezwa. Akaingia porini, akaua panzi, akarudi mbio akidhani kazi imekwisha. Mama akamwambia bado. Akaua ndege, bado. Akaua mnyama, bado. Mwishowe akakutana na zimwi lenyewe, akaliua, akalipasua tumbo, wakatoka watu na ng'ombe na mbuzi wote waliomezwa. Katika kupasua, kisu kikamkata sikio bibi kizee mmoja. Bibi akakasirika, akataka kumloga kijana aliyemwokoa. Masala Kulangwa akatafuta dawa, akamponya, na watu wakamfanya mtemi.

Ndivyo ninavyoijua mimi. Kijiji cha pili watakusimulia kwa tofauti kidogo, na cha tatu vivyo hivyo. Sasa naomba niyataje malalamiko yetu.

Kwanza, hukumu yenu imesimama juu ya simulizi ambayo haikusikilizwa hadi mwisho. Kama ingekuwa hadithi ya kufa kwa zimwi tu, ingeishia pale zimwi linapoanguka. Haikuishia pale. Ikaendelea hadi kwa majeruhi mmoja, tena mtu wa ndani, aliyetoka tumboni na kinyongo. Wazee waliotunga jambo hili walijua kwamba ushindi huacha kitu nyuma, na kitu hicho wakakitaja waziwazi mwishoni, mahali ambapo msikilizaji hawezi kukisahau. Anayesema simulizi imefungwa kabisa amelala kabla ya bibi kizee kufika.

Wanafunzi hawakulala. Walibishana juu ya jambo hili kwa muda mrefu, na ningependa mngekuwapo. Kijana mmoja alitaka Shing'weng'we ainuke tu, basi, kwa sababu sehemu ya pili ya kitu chochote huuzika. Wenzake wakamcheka. Mwingine akaleta wazo la kaka wa Shing'weng'we, nalo likaonekana la sinema za mtaani. Ndipo msichana wa kidato cha tatu, ambaye huchora kila kitu kwenye kaunta buku lake kabla hajasema neno, akauliza: bibi aliponywa, sawa, lakini kile kipande cha sikio kilichokatwa kilikwenda wapi? Darasa likanyamaza. Simulizi haisemi. Kipande kilikatwa ndani ya tumbo na, kwa mantiki ya kisa chenyewe, kilibaki humo.

Gemu nzima imejengwa juu ya swali hilo. Wenzake Shing'weng'we walioko mbali angani wamepoteza kinywa chao hapa duniani, ila wamebakiwa na sikio. Mzoga umefukiwa na karne, sikio likakauka ndani yake, na bado linasikia. Wachimbaji wanateremka kwenye duara la zamani, yaani shimo la uchimbaji, upande wa Nyarugusu, wanagonga kitu wanachodhani ni mwamba, na sauti ya nyundo ndiyo inayopeleka habari juu. Katika mchoro wa yule msichana, kinywa cha zimwi kinaanza pale matimba ya duara yanapokwisha, na huwezi kujua gogo la mwisho ni lipi na jino la kwanza ni lipi. Mchezaji ni kitukuu wa yule bibi kizee. Hatoki ukoo wa Masala Kulangwa, na jambo hilo walilipigia kura. Kila anapomshinda adui mmoja na kudhani amemaliza, sauti ya mama inasikika kwenye redio ya upepo ikimwambia bado.

Hilo neno la mama si mapambo. Ndilo kanuni ya simulizi: kifo cha zimwi hakitangazwi na aliyeua, hutangazwa na anayelijua zimwi. Wasomaji wa Kiswahili mnaikumbuka kanuni hiyo kutoka pwani pia, katika ngano ya Sultani Majinuni iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870. Humo mtoto wa sultani anaua mnyama baada ya mnyama na kuleta nyumbani, na kila mara mama anamwambia huyu siye nunda. Nunda mwenyewe, mtakumbuka, alianza kama paka wa nyumba ya sultani. Alipoanza kula mifugo watu wakashtaki, wakajibiwa kwamba paka ni wa sultani na mifugo ni ya sultani. Akala mbuzi, akala ng'ombe, majibu yakawa yaleyale, mpaka alipowala watoto wa sultani mwenyewe. Sitaliendeleza hilo, barua hii ni ya heshima.

Pili, kauli kwamba adui aliyeshindwa harudi inapingana na ardhi tunayoikanyaga. Geita ya babu zetu ilikuwa pori la mbung'o. Familia nyingi zilizopo hapa zilihamia kutoka Usukuma wa kati baada ya mwaka 1947, ulipoanza Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, pale mapori yalipofyekwa ili watu na ng'ombe waliobanana huko wapate nafasi. Kabla ya hapo, tangu miaka ya 1920, upande wa Shinyanga mapambano yaliongozwa na Charles Swynnerton, aliyewekeza maisha yake katika kumsoma mdudu huyo hadi alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Mbinu kubwa ilikuwa kufyeka. Mbung'o anahitaji kivuli. Ondoa kivuli, umemwondoa. Walifaulu. Na jina la mpiganaji likabaki kwa adui wake: aina mojawapo ya mbung'o wa huku inaitwa kitaalamu Glossina swynnertoni.

Lakini tazameni kilichofuata. Miti ilikwenda na mbung'o. Pamba ikaingia, mifugo ikaongezeka, kuni zikakatwa, na kufikia miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa inatajwa nchi nzima kwa ukame na vumbi. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na wananchi wakarudia ngitili, ile desturi ya wazee ya kutenga malisho na miti ipumzike. Vichaka vilivyofyekwa kwa jasho la vizazi vilianza kuoteshwa tena kwa jasho la vizazi vingine. Adui wa pili hakutoka nje. Alipita kwenye mlango uliofunguliwa na ushindi dhidi ya adui wa kwanza. Naye mbung'o hajaisha: yuko kwenye mapori na hifadhi, na mfugaji anayepitisha ng'ombe karibu na msitu bado ana habari zake.

Kuna mahali adui huyu alishindwa na hakurudi, nalo nalitaja kwa sababu linatufundisha kanuni vizuri zaidi. Unguja, kuanzia 1994, madume ya mbung'o yaliyofugwa Tanga na kuhasiwa kwa mionzi yalimwagwa kwa ndege kisiwani kote, yakapandana na majike bila kuzaa. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996, na mwaka uliofuata kisiwa kikatangazwa kuwa huru. Kwa nini harudi? Kwa sababu kumezungukwa na bahari, na hapakubaki pori la jirani la kutokea. Mtunzi wa gemu akitaka mbung'o warudi Unguja, atatakiwa anieleze wamevukaje maji. Akitaka warudi Geita, hana haja ya kunieleza chochote.

Hapo ndipo ningependa ofisi yenu isimame. Swali la kumuuliza mtunzi si kama adui alikufa. Muulizeni alibakia wapi, nani alimweka, na ushindi wa kwanza ulifungua nini. Mtunzi mwenye jibu apite. Asiye na jibu arudishiwe mswada kwa maelezo, akatafute.

Tatu, mmesema watoto wameiga gemu za kigeni. Hapa nakubaliana nanyi nusu. Ni kweli gemu nyingi za angani humrudisha adui kwa sababu moja tu, fedha. Wanafunzi wanalijua hilo kuliko mimi, maana wanacheza. Walinionyesha mfano wa Mass Effect. Katika sehemu ya kwanza, ya mwaka 2007, mchezaji anaamua mwenyewe kama malkia wa mwisho wa viumbe waitwao rachni auawe au aachwe. Uamuzi mzito, na watu waliufikiria. Mwaka 2012 ikatoka sehemu ya tatu, na hata aliyemuua malkia akakutana na rachni walewale, akaambiwa maadui wengine wametengeneza mzazi wa bandia. Klabu nzima iliona hapo mchezaji amedhulumiwa. Kama mnataka mfano wa adui anayerudi bila haki, ni huo, na hatukuufuata.

Lakini ziko gemu zilizofanya kazi hii kwa adabu. Katika Halo, iliyotoka 2001, viumbe wa kale walijiangamiza wao na uhai wote wenye akili ili kukiua kwa njaa kiumbe kiitwacho Flood. Kikarudi vipi? Wale wale waliokishinda walikuwa wamehifadhi sampuli kwa ajili ya utafiti, ndani ya ngome zilezile walizojenga kukimaliza, na baadaye wasiojua wakafungua mlango. Mkisema huo ni upuuzi wa kizungu, nitawakumbusha ndui. Mgonjwa wa mwisho aliyeipata kwa njia ya kawaida alikuwa Merca, Somalia, Oktoba 1977. Mwaka uliofuata ndui ikaua mtu Birmingham, Uingereza, na ilihusishwa na maabara iliyokuwa ikiitunza. Hadi leo virusi vyake vimehifadhiwa rasmi katika maabara mbili, moja Marekani na moja Urusi. Nani atasema kwa uhakika kwamba adui huyo amefutika?

Mfano mwingine ni Elite, gemu ya mwaka 1984 ya David Braben na Ian Bell. Wageni wake hatari, Thargoids, katika historia ya kubuniwa ya gemu hiyo waliwahi kupigwa kwa kirusi kilichotengenezwa na binadamu, wakatoweka. Januari 2017, ndani ya Elite Dangerous, wakaonekana tena, na wachezaji wengi hawakushangaa, maana aliyepigwa kwa sumu ana deni la kudai. Vita iliyofuata ilileta meli zao kuu nane, na ya mwisho ikaangushwa Desemba 2024 baada ya kufika katika mfumo wa Jua letu. Meli hizo zilipewa majina ya miungu ya radi na dhoruba kutoka mataifa mbalimbali. Moja iliitwa Oya. Huyo ni wa Wayoruba, Nigeria. Watengenezaji wa gemu hiyo, walioko Cambridge, wamefika hadi Afrika Magharibi kutafuta jina la meli ya maadui, na sisi tunamkataza mtoto wa Geita kumtumia Shing'weng'we wa bibi yake.

Wala hatuko wa kwanza ukanda huu. Mwaka 2015 vijana wa Black Division Games walitoa Nairobi X, ambamo wavamizi kutoka angani wanaishambulia Nairobi. Mwaka 2024 Abubakar Salim, mzaliwa wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, alitoa Tales of Kenzera: Zau, akachota kwenye simulizi za Kibantu ili kusema juu ya kifo cha baba yake. Shujaa wa gemu hiyo anapatana na mungu wa mauti ili baba arudi. Imechezwa duniani kote, na sijasikia utamaduni wowote wa Kibantu ulioanguka.

Nne, fomu yenu inamtaka mwombaji ataje chanzo kilichochapishwa cha simulizi anayoitumia. Ni takwa zuri, ningelitaka mimi pia, lakini nani alipewa kazi ya kuzichapisha? Kwa simulizi za Usukuma, sehemu kubwa ya kazi hiyo imefanywa na watu wa kanisa. Makumbusho ya Bujora, pale Kisesa, yalianzishwa na Padre David Clement. Kisa cha Masala Kulangwa kimo katika kitabu cha mapadre Joseph Healey na Donald Sybertz cha mwaka 1996, kwa Kiingereza, na humo kinatumika kumweleza Kristo. Sina neno baya juu ya kazi yao, nawashukuru. Ila kama Masala Kulangwa ni mfano wa Kristo, basi wenye kusoma Ufunuo wanajua kwamba huko nako adui hufungwa miaka elfu kisha akafunguliwa kwa muda, na hakuna ofisi iliyowahi kumwandikia Yohana kwamba amepotosha.

Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inazihesabu lugha za jamii zetu kuwa hazina ya taifa. Mwaka 2011 nchi yetu iliridhia mkataba wa UNESCO wa 2003 wa kulinda urithi usioshikika, na simulizi ni urithi wa namna hiyo. Wajibu wa kuulinda urithi huo haukuachiwa mapadre. Kuchelewa kuna gharama yake: mnakumbuka mwandishi Aniceti Kitereza, jirani yetu wa Ukerewe. Alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa mchapishaji, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati mwenyewe ameishiwa na siku. Alifariki 1981. Wazee wanaojua matoleo tofauti ya Shing'weng'we katika vijiji vya huku hawatangoja miaka thelathini na mitano. Mmoja wao, mama mzee wa upande wa Kasamwa aliyewasimulia wanafunzi toleo ambalo ndani yake bibi kizee hakuponywa kabisa, alitwambia tusichelewe kurudi, kisha akacheka.

Toleo hilo, kwa hukumu yenu, lingeitwaje? Upotoshaji?

Wachimbaji wadogo wa hapa wanajua kitu kinachoitwa marudio, ule mchanga uliokwisha kusagwa kwenye karasha na kuoshwa kwa zebaki. Mwenye haraka huuona takataka. Mwenye mtambo wa sianidi huununua, kwa sababu zebaki huacha dhahabu nyingi humo. Simulizi hii nanyi mmeitendea kama mwenye haraka.

Tano, na hili ni la utaratibu tu, nalitaja kwa kifupi. Mwombaji anayekataliwa hapewi sababu zinazoweza kujibiwa, haambiwi akate rufaa wapi, na barua zake hazipewi hata namba ya kumbukumbu. Mwanafunzi anayeshindwa mtihani huonyeshwa alama zake. Huyu haonyeshwi chochote.

Maombi yangu si mengi, na yote yako ndani ya uwezo wenu. Mswada usomwe upya na watu wasiopungua wawili, mmoja wao awe mzee anayeijua simulizi kwa Kisukuma, na maoni yao yaandikwe. Sharti la chanzo kilichochapishwa liruhusu chanzo cha mdomo, kwa kutaja msimulizi, kijiji na tarehe. Wanafunzi wanaweza kurekodi kwa simu zao na kuwakabidhi nakala, nanyi mtakuwa mmeanza maktaba bila gharama. Ofisi iandikie halmashauri za Geita. Tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, kampuni yenye leseni inatakiwa kila mwaka kuandaa mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Tumeona madarasa na zahanati katika mipango ya namna hiyo, na ni vizuri. Kurekodi wazee wa mkoa mzima kungegharimu kiasi kidogo kuliko darasa moja, lakini halmashauri haiwezi kuomba jambo ambalo ofisi ya utamaduni haijawahi kulitaja.

Tena, mtakapokuwa Bujora mwezi wa Juni kwa ngoma za Bulabo, waangalieni Bagika na Bagalu, zile pande mbili za wachezaji ngoma zinazoshindana. Upande ulioshindwa mwaka huu hauambiwi uzikwe. Unakwenda nyumbani, unatafuta dawa mpya na nyimbo mpya, na mwakani unarudi, na watu wanajaa uwanjani kwa sababu hiyohiyo.

Nabakiza jambo moja ambalo wanafunzi wameniomba nisilisahau. Katika maelezo yenu mliandika kwamba mwisho wa gemu "haueleweki", kwa kuwa mchezaji hamuui Shing'weng'we. Ni kweli hamuui. Anateremka duarani, anakitafuta kile kipande cha sikio, anakitoa na kukipeleka kwenye kaburi la bibi kizee, na mawasiliano na anga yanakatika. Hakuna mlipuko. Kijana yule aliyetaka sehemu ya pili ya kuuza alilalamika kwamba mwisho huo haulipi, na huenda anasema kweli, sijui biashara. Msichana wa kaunta buku alimjibu kwamba Masala Kulangwa alimponya bibi kabla ya kuwa mtemi, na kwamba alichosahau ndicho wanachokimalizia wao.

Kama hoja hiyo ni dhaifu, tuandikieni udhaifu wake. Klabu hukutana kila Jumamosi asubuhi, na afisa wenu yeyote anakaribishwa kuketi na kuicheza gemu kwenye kompyuta yetu moja inayoweza kuibeba. Naomba majibu kwa maandishi kabla muhula haujafungwa, kwa sababu nusu ya waandishi wake wako kidato cha nne na wataondoka.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mlezi, klabu ya kompyuta,
Geita.

Nakala: Wazazi na walezi wa wanaklabu.